Salamu Saba Kabla ya Kiuno

Jumatatu hiyo gazeti lilifika kijiweni kabla ya kahawa, ndiyo maana watu walibishana wakiwa hawajachangamka vizuri. Kijiwe chenyewe ni benchi la wateja wa Bi Pindo, fundi cherehani. Aliliweka barazani kwa ajili ya watu wanaosubiri kupimwa, lakini siku hizi wanaosubiri kupimwa husimama. Benchi lina wenyewe.

Upande wa ukutani hukaa Chaki, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye msomaji wa gazeti kwa sababu miwani ni yake. Katikati hukaa Breki, dereva wa lori, aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake hauna. Mwisho kabisa, karibu na soketi ya umeme, hukaa Injinia, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa marehemu dada yake Bi Pindo. Yeye huandika programu za kompyuta kwa riziki yake na huichaji kompyuta kwa umeme wa mama yake mdogo. Birika, muuza kahawa, ana kigoda chake na jiko lake pembeni, na kwa siku nzima husema maneno machache kuliko yanayochemka ndani ya birika.

Bi Pindo hukaa nyuma ya cherehani, anashona na kusikia yote.

"Sikieni hii," alisema Chaki, akasafisha koo kama mtu anayeita majina darasani. "'Sasa mtu yeyote anaweza kutengeneza programu ya intaneti bila kuandika hata mstari mmoja. Unachagua visanduku na vitufe kwenye kioo, unaviburuta unapotaka vikae, unaviunganisha kwa nyuzi, na programu inaanza kufanya kazi papo hapo.'"

"Rudia hapo pa mtu yeyote," alisema Breki.

"'Mtu yeyote.'"

Breki akageuka taratibu akamtazama Injinia kama anayempa pole ya msiba. "Mwanangu, lori linahitaji utingo. Njoo Jumatano, uje na blanketi."

"Cheka tu," alisema Injinia. "Hivyo ni vitu vya kuchezea. Unaburuta kitufe, unapaka rangi, unafurahi. Siku programu ikikwama unanipigia mimi simu."

"Hata mimi niliambiwa gari la gia zinazojibadilisha zenyewe ni la kuchezea," alisema Breki. "Leo walioniambia hivyo wanaliendesha kwa mkono mmoja, kwa mwingine wanakula karanga."

"Kuna tofauti."

"Tofauti ni karanga."

Chaki alikunja gazeti. "Miaka minne ulikaa chuoni, Injinia. Miaka minne. Na sasa Breki huyu anaweza kufanya kazi yako kwa kidole. Tena kidole kile kilichobanwa na mlango wa lori."

Birika alimmiminia Injinia kikombe bila kuulizwa, akakijaza zaidi ya vingine. Bi Pindo aliliona hilo. Akaondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza, na benchi zima likamgeukia, maana cherehani ile ikinyamaza saa tatu asubuhi lazima kuna jambo.

"Hata fundi cherehani?" aliuliza.

"Hata fundi cherehani vipi, mama?" alisema Breki.

"Huyo mtu yeyote wa kwenye gazeti. Anaweza kuwa fundi cherehani?"

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanajua habari ya barua. Ilikuwa chini ya mkasi wake mkubwa tangu wiki iliyopita, na kila mmoja alikuwa ameisoma kwa zamu. Kwa miaka kumi na tisa Bi Pindo alishona sare za shule iliyo ng'ambo ya barabara. Magauni ya sherehe yalikuwa ya kumchangamsha tu. Sare ndizo zilizomweka mjini, yeye na mwanamke mwenzake anayeshonea cherehani ya pili ndani. Sasa kamati ya wazazi ilitaka mzazi aweze kuagiza sare kwa simu bila kutoka kazini. Duka jipya la vioo pale kona lilikuwa na programu tayari. Mwalimu Mkuu, ambaye ni mtu wa haki, aliandika kwamba mafundi wote wawili watajaribiwa na wazazi kuanzia Jumatano hadi Ijumaa mchana, na atakayefaa ndiye atapewa kazi.

"Si nilikuambia nitakuandikia, mama mdogo," alisema Injinia kwa sauti ya chini.

"Ulisema wiki tatu, mwanangu."

"Kwa mkono, kwa ubora, ndiyo. Wiki tatu."

"Majaribio ni keshokutwa."

Injinia alitazama kikombe chake. Alifungua kompyuta, akaigeuza ikamwelekea Bi Pindo, akasema, "Haya. Hicho hapo, hicho cha kwenye gazeti. Mimi sikigusi. Nitakuonyesha pa kubofya, basi."

Kwenye kioo kulikuwa na ukurasa mweupe, na pembeni yake safu ya vipande: visanduku vya kuandikia, vitufe, mahali pa picha. Bi Pindo alivaa miwani yake ya kutungia sindano. Alivitazama vile vipande kwa muda, kisha akavuta kisanduku kimoja akakiweka juu kushoto, akavuta kingine akakipanga chini yake, akaacha nafasi ya kidole kimoja katikati.

"Hii nafasi ya nini?" aliuliza Injinia.

"Ya mshono. Vikikaribiana sana macho yanabanwa." Akavuta kitufe. "Kipande hiki kinashonwa na kipi?"

Injinia akamwonyesha kwamba ukibonyeza ukingo wa kitufe unatoka uzi mwembamba wa buluu, nao unauvuta hadi pale unapotaka mambo yatokee. Bi Pindo alicheka peke yake. Maisha yake yote alikuwa amepanga vipande juu ya meza na kujua kipi kitashikana na kipi kabla mkasi haujagusa kitambaa. Kufikia adhuhuri alikuwa na ukurasa wa jina la mtoto, wa darasa, wa kifua, kiuno na urefu, na uzi wa kila kisanduku ulikwenda kwenye daftari ndani ya simu yake.

"Sijawahi kuona mtu anajifunza hiki kitu haraka hivi," alisema Injinia, akajuta kusema, maana Breki alimdaka hapohapo.

"Utingo, umesikia? Blanketi."

Mambo yangeishia hapo, na yangeishia vizuri. Lakini benchi lina wenyewe, na wenyewe walitaka kuona. Chaki alisogea karibu, akausoma ukurasa kuanzia juu hadi chini, akavua miwani.

"Bi Pindo, hii ni aibu."

"Nimekosea herufi?"

"Herufi ziko sawa. Mzazi anafungua, na hata hajatulia anaulizwa kiuno cha mtoto. Hujambo hakuna. Umeamkaje hakuna. Huwezi kumwuliza mtu kiuno kabla hujamjulia hali."

"Ni programu, Chaki," alisema Injinia. "Siyo mgeni."

"Nani amesema ni mgeni? Mgeni ni mzazi. Programu ndiyo mwenyeji. Na mwenyeji asiyesalimu tunamwitaje?"

"Tunamwita duka la vioo," alisema Breki, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akawa upande wa Chaki.

Bi Pindo aliona kuna ukweli. Hajawahi kumzungushia mtu utepe kabla ya kumwuliza za nyumbani. Akaweka ukurasa mbele ya kurasa zote, wenye kisanduku kimoja: Hujambo? Chaki akasema moja haitoshi, ni kama kugonga mlango na kukimbia. Wakaongeza Umeamkaje. Wakaongeza Za nyumbani, Watoto hawajambo, na Wazee je. Breki akadai Kazi inaendaje, kwa sababu ndilo swali pekee analopenda kuulizwa. Bi Pindo mwenyewe akaongeza la mwisho: Na wewe mwenyewe, unaendeleaje? Zikawa saba.

"Na yeye akitaka kutuuliza sisi?" alisema Chaki. "Mtu mwenye adabu akijuliwa hali naye hujulia."

Wakaweka kitufe cha Na nyinyi je? Ukikibofya, programu inajibu: Sisi tupo, tunashukuru. Chaki akaomba aunganishe uzi huo mwenyewe, na kwa kuwa ni mtu mzima wakamwachia.

Breki naye akataka honi. Mzazi akimaliza kutuma oda, simu ipige honi ya lori ili ajue mzigo umeondoka. Injinia akamwambia hakuna programu ya maana duniani inayopiga honi. Breki akamwambia ndiyo maana hazijulikani zikimaliza. Chombo kile kilikuwa na sehemu ya kuweka sauti, honi ikarekodiwa kwenye lori lenyewe, na kuku wawili wa jirani wakahama uwanja.

Jumanne alasiri Bi Pindo alisema programu ijaribiwe na mtu ambaye hakushiriki kuitengeneza. Aliyebaki ni Birika tu. Akapewa simu ya Bi Pindo, akafuta mikono kwenye aproni, akakaa kwenye kigoda chake na kuanza kuandika kwa kidole kimoja, taratibu, kila jibu akilisoma kabla ya kuendelea.

Benchi likaendelea na soga. Breki aliwaeleza namna atakavyoishi mjini na programu yake mwenyewe, ya kupanga malori, yenye honi tano tofauti. Chaki alisema yeye atatengeneza ya kusahihisha magazeti. Injinia alisema watu wawili wameburuta kitufe kimoja na tayari wana kampuni. Ikapita robo saa, ikapita nusu. Kahawa ikaanza kuchemka na kumwagika juu ya jiko, na Birika, ambaye hajawahi kuacha tone limwagike, hakuinua kichwa.

"Birika," aliita Bi Pindo. "Umefika kwenye kiuno?"

"Bado."

"Uko wapi?"

"Bado tunasalimiana."

Injinia aliinuka, akainama juu ya bega lake, akatazama. Kisha akarudi kwenye kompyuta, akafuatisha ule uzi wa buluu kwa kidole.

"Chaki," alisema. "Huu uzi wa Na nyinyi je, uliupeleka wapi?"

"Nimeurudisha kwenye Hujambo. Ukishajibiwa si unaendelea na maongezi?"

"Umemzungusha. Akimaliza salamu saba anaulizia hali yetu, anaambiwa tupo, anaanza tena hujambo. Hakuna njia ya kutoka. Birika, umezunguka mara ngapi?"

"Sita. Hii ni ya saba."

Breki alikuwa ameshika tumbo. "Kwa nini hukuacha, bwana wee?"

"Alikuwa bado ananiuliza," alisema Birika. "Nisingeweza kumkatisha."

Wakacheka hadi benchi likasogea ukutani, na Birika akacheka nao kidogo, akarudisha birika mahali pake. Kisha akasema, kama anayesema jambo dogo, "Mara tatu za kwanza nilimjibu nzuri. Mara ya nne nikamwambia."

"Ukamwambia nini?" aliuliza Breki.

Birika alipangusa jiko. Injinia, ambaye bado alikuwa anafuatisha nyuzi, alijibu bila kujua anachojibu.

"Haidhuru alimwambia nini, maana haikufika kokote. Visanduku vya vipimo vina uzi unaokwenda kwenye daftari. Vya salamu havina. Mtu anaandika, anageuza ukurasa, maneno yanapotea."

"Yote?" aliuliza Birika.

"Yote."

"Basi sawa," alisema Birika.

Bi Pindo alikuwa anamtazama usoni. Miaka mingi ya kupima watu imemfundisha kwamba mtu hushusha mabega akiambiwa ashushe, na mara chache hushuka yenyewe. Ya Birika yalishuka yenyewe.

Aliinuka, akavuta stuli, akaikalia karibu na lile jiko, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa kuwa kwa kawaida kahawa humfuata yeye. Hakuna aliyesikia alichomwuliza. Walichosikia ni Birika akisema, "Mwezi huu unatimia mwaka tangu mama watoto aondoke arudi kwao. Nilitaka tu kulisema mahali."

Chaki alikunja gazeti lililokuwa limekunjwa tayari. Breki, ambaye kwa mwaka mzima alikunywa kahawa ya mtu huyo kila asubuhi na kumwuliza habari kila asubuhi, alikuna shingo na kusema, "Kaka, si ungetuambia."

"Mlikuwa mnauliza mkiwa mnapita," alisema Birika, bila lawama yoyote.

Bi Pindo alirudi kwenye meza yake. "Injinia, mwanangu. Salamu nazo ziwe na uzi. Zije kwenye simu yangu."

"Mama mdogo, majaribio ni kesho asubuhi. Uzi wa mzunguko nitauondoa sasa hivi. Lakini hizo salamu, nani atasoma? Wazazi mia na kitu, kila mmoja majibu saba. Zifute zote tu, tubaki na kiuno."

"Au tuache hivyohivyo," alisema Breki. "Ni salamu. Mimi nikiulizwa nasema nzuri hata kama lori linawaka moto nyuma yangu."

"Nimeshona miaka kumi na tisa," alisema Bi Pindo. "Sijawahi kushona mfuko ambao hauna ndani. Ni kumdanganya mtu mkono. Kama tunauliza, tusikie. Kama hatutaki kusikia, tusiulize."

"Basi tufute," alisema Injinia.

"Mimi nataka kusikia."

Injinia alivuta kompyuta. Akaburuta uzi kutoka kwenye Hujambo, ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa tena. Chombo kilikuwa kinajua kupeleka majina na tarakimu kwenye daftari. Maneno marefu ya watu hakikuwa na pa kuyapeleka. Akafungua dirisha lingine jeusi lisilo na visanduku wala rangi, akaanza kuandika.

"Gazeti lilisema bila hata mstari mmoja," alisema Chaki.

"Gazeti halina mama mdogo kama wangu. Ni mistari sita."

Breki akamtazama akiandika, na kwa muda hakumwambia kitu kuhusu blanketi. Injinia alipomaliza, Breki akamsogezea karanga zake.

Jumatano asubuhi simu ya Bi Pindo ilianza kutetemeka juu ya meza kama mende aliyelala chali. Oda ziliingia kwenye daftari, salamu zikaingia pembeni yake. Wengi waliandika nzuri, nzuri, nzuri, hadi mwisho. Wengine waliandika kwamba maswali ni mengi. Mmoja aliandika kwenye Wazee je: wazee ni mimi. Lakini katikati ya nzuri hizo kulikuwa na watu waliojibu kweli, na hao Bi Pindo aliwasoma polepole, simu ameiegemeza kifuani.

"Wanasemaje?" aliuliza Breki, akinyoosha shingo.

"Wanasema hawajambo."

"Huyo hapo ameandika kurasa mbili za hawajambo?"

"Hakukuandikia wewe."

"Mama, sisi ni kampuni. Tulitengeneza pamoja."

"Wewe ulitengeneza honi. Nenda kaisikilize."

Alhamisi baada ya chakula cha mchana Bi Pindo alifunika cherehani, akajizungushia utepe wa kupimia shingoni, akachana nywele mbele ya kile kioo cha wateja, akatoka bila kuaga. Benchi lilibaki na kazi ya mchana mzima. Breki alisema ni mchumba. Chaki alisema mchumba hapimwi kwa utepe. Breki akasema huyo wa Bi Pindo lazima apimwe, hawezi kupokea mtu asiyemkaa vizuri.

Alikuwa amekwenda nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha afya. Mama mmoja alikuwa amejibu swali la saba kwamba ana mapacha wa wiki mbili, mume yuko safarini, hajui atampima vipi binti wa darasa la pili maana mikono yote miwili ina watu. Bi Pindo alimpima binti. Kisha akashika pacha mmoja hadi akalala, akashika wa pili, na mama akapata kuoga. Aliporudi jioni waliona alama ya maziwa begani wakashindwa kuiingiza kwenye habari ya mchumba.

Ijumaa mchana Mwalimu Mkuu alivuka barabara na karatasi mkononi. Ni mwanamke mrefu wa kusimama wima, na Chaki, ingawa amestaafu, alificha kikombe nyuma yake.

"Nimekuja na majibu," alisema, hakukaa. "Nianze na honi."

Breki akatazama juu.

"Jana nilikuwa na kikao cha walimu wote na kamati ya wazazi. Walimu wanane ni wazazi pia. Walituma oda kwa wakati mmoja. Mwenyekiti wa kamati aliruka akaangukia kabati."

"Aliumia?" aliuliza Breki kwa sauti ndogo.

"Kabati liliumia." Akafungua karatasi. "Duka la vioo, mzazi anamaliza kwa dakika mbili. Hapa, dakika kumi na moja. Kule waliomaliza ni wazazi themanini. Hapa, hamsini na watatu. Wengine waliishia kwenye Watoto hawajambo wakasema hawana siku nzima."

Bi Pindo alikuwa ameshika kipande cha kola, akakilaza juu ya meza na kukinyoosha kwa kiganja, ingawa hakikuwa na mkunjo. Ndani, cherehani ya pili ilikuwa imenyamaza. Mwenzake naye alikuwa anasikiliza.

"Sasa," alisema Mwalimu Mkuu, "jana usiku kuna mzazi alinipigia. Ana mapacha. Nilidhani ananiomba ruhusa ya mtoto. Akaniambia fundi wa sare alikuja nyumbani kwake, kwa sababu alimwandikia kwamba amechoka. Nikamwuliza, ulimwandikia wapi? Akasema, aliniuliza."

Breki akamgeukia Chaki taratibu. "Mchumba ana umri wa wiki mbili," alinong'ona.

"Kamati imeamua hivi. Madarasa ya juu yatakwenda kule kona. Watoto wale wanajua vipimo vyao na wazazi wao wana haraka. Kuanzia chekechea hadi darasa la nne ni yako. Wale hawajui kiuno kiko wapi, na mtu wa kuwafuata ninajua ni nani."

Chaki alihesabu kwa vidole nyuma ya kikombe. "Chekechea hadi la nne ndio wengi," alimnong'oneza Birika. "Na ndio wanaochana suruali."

Bi Pindo alishusha pumzi. "Asante, Mwalimu Mkuu."

"Lakini salamu zipunguzwe. Zibaki tatu."

"Zibaki zipi?" aliuliza Chaki.

"Nyinyi ndio wenye programu."

Hapo ndipo alipokosea. Chaki alisema Hujambo haiguswi. Breki alisema ikibaki Hujambo lazima na Kazi inaendaje ibaki, kwa usawa. Bi Pindo alisema ile ya saba ataikalia mwenyewe. Birika, ambaye hakuulizwa, alisema Za nyumbani. Chaki akasema kuondoa Wazee je ni kumtukana yeye binafsi. Injinia alikuwa amefungua kompyuta, kidole kiko tayari.

"Kufuta ni sekunde moja," alisema. "Niambieni tu nifute ipi."

Wakamwambia zote saba, kila mtu ya mwenzake. Injinia akasubiri, kisha akarudisha kidole kwenye karanga.

Mwalimu Mkuu aliwatazama kwa muda, akakunja karatasi yake, akasema ana kazi shuleni. Chaki, ambaye hawezi kumwacha mtu aondoke hivihivi, akainuka nusu.

"Na huko nyumbani, Mwalimu Mkuu, hamjambo?"

"Nilishajibu," alisema. "Jumatano, kwenye simu yenu. Na mimi nina mjukuu darasa la kwanza."

"Umejibu," alisema Bi Pindo. Alikuwa amerudi kwenye kola yake na hakuinua macho. "Nimesoma. Kaa kwanza, Birika anamimina."

Mwalimu Mkuu alitazama ng'ambo ya barabara, kisha akatazama benchi. Breki alikuwa ameshasogea, na kwa miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumwona akisogea. Mwalimu Mkuu akakaa. Birika akampa kikombe, akakijaza zaidi ya vingine.

"Mama yako alilala jana?" aliuliza Bi Pindo.

"Kidogo. Aliamka mara mbili tu."

"Afadhali. Na wewe mwenyewe?"

Mwalimu Mkuu alishika kikombe kwa mikono miwili. Injinia akafunga kompyuta taratibu. Hata Breki akawa anangoja.

"Subiri nikueleze," alisema Mwalimu Mkuu.